KUFUTA SI KUTENGENEZA

Mazungumzo juu ya kompyuta ya injini baada ya kufunga spea mpya, yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia alinipa nusu saa, akaniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari tangu 1983, na mtu akiachiwa kusema juu ya kazi ya zaidi ya miaka arobaini, chakula kitapoa jikoni. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, ambalo karibu kila mwenye gari humu ukumbini amekwisha kulilipia, ama kwa kujua ama kwa kutojua. Nalo ni hili: fundi akishafunga spea mpya kwenye injini, je, kumbukumbu ya kompyuta ya injini ifutwe au isifutwe? Ikiwa itafutwa, ifutwe namna gani? Na ikishafutwa, yafuate nini?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Sivyo, ndugu zangu. Wengi wenu mna magari, na wengine mnakula kwa magari: teksi, basi dogo la abiria, pikapu ya kubebea mazao. Spea isiyohitajika ikinunuliwa, fundi hapati hasara. Hasara ni ya mwenye gari.

Zamani na sasa

Sisi tulioanza kazi zamani tulikuta injini isiyokumbuka chochote. Kwenye Peugeot 504 au Land Rover ya petroli, fundi aliinamia kabureta na bisibisi, akazungusha skrubu, akasikiliza, akazungusha tena mpaka injini itulie. Kabureta haikujua kama gari liko pwani au milimani. Gari lililorekebishwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, lilipopanda mpaka Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu, lilianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Hewa ya huko ni nyepesi, lakini kabureta iliendelea kumimina petroli kana kwamba bado iko pwani. Aliyeishi huko ilimbidi abadili jeti.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa kupuliza petroli unaoongozwa kwa umeme, ukafungwa kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1976 ikaja sensa ya oksijeni, inayokaa kwenye bomba la moshi, na Volvo ndio waliotangulia kuifunga. Mwaka 1979 BMW 732i ikatoka na mtambo uliounganisha kazi ya petroli na kazi ya cheche ndani ya kompyuta moja. Kisha Marekani ikaamuru kwamba magari yote madogo yatakayouzwa huko, kuanzia yale ya mwaka 1996, yawe na soketi ya namna moja ya kusomea makosa, yenye pini 16. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli 2001. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni, haya tunayoyanunua yakiwa yametumika, yana soketi hiyo hiyo chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva.

Basi leo, Ndugu Mwenyekiti, gari la kawaida tu la mwalimu au la muuguzi lina ubongo, na ubongo huo una kumbukumbu.

Kompyuta inakumbuka nini

Petroli huungua vizuri inapokutana na hewa kwa kipimo maalumu: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kazi kubwa ya kompyuta ni kulinda kipimo hicho. Inapima hewa inayoingia, inapima joto la maji ya injini, inapima mwendo wa injini, kisha inaamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, muda huo ni kama sehemu mbili au tatu tu za elfu moja za sekunde.

Kompyuta hukisia kwanza, halafu huangalia kama imekisia sawa. Anayeipa jibu ni sensa ya oksijeni. Sensa ya namna ya kawaida, ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, na karibu volti 0.9 petroli ikizidi. Kompyuta ikiona hewa imezidi huongeza petroli, ikiona petroli imezidi huipunguza. Hufanya hivyo bila kuchoka, mara nyingi kwa dakika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Kompyuta ikiona kwamba kila siku inalazimika kuongeza petroli, haingoji kusahihishwa tena. Huandika ndani ya kumbukumbu yake kwamba gari hili, katika mwendo huu, liongezewe asilimia 8 tangu mwanzo. Mafundi vijana huita masahihisho haya trimu: trimu fupi ni ya papo kwa papo, na trimu ndefu ni ile iliyokwisha kuandikwa. Injini nzima kwa kawaida haitoki nje ya asilimia 10, kwa kuongeza au kupunguza. Ikifika 20 na zaidi, jueni kuna ugonjwa ambao kompyuta inauficha kwa jitihada zake yenyewe.

Kadhalika kompyuta hujifunza uchafu. Lango la hewa, ambalo mafundi huliita throto, hushika masizi mwaka hata mwaka. Kompyuta hulifungua zaidi kidogo ili sailensa isishuke, na kipimo hicho nacho hukiandika. Gia za kujiendesha zenyewe nazo hujifunza namna zinavyochakaa na kujirekebisha kwa kadiri hiyo.

Maadamu hali iko hivyo, ni dhahiri kwamba spea mpya ikifungwa, kumbukumbu inaweza kuwa ya kitu ambacho hakipo tena. Mmesafisha throto mpaka inang'aa, lakini kompyuta bado inaifungua kwa kipimo cha masizi. Matokeo yake sailensa inapanda juu, na mwenye gari anasema fundi ameniharibia. Mmeziba tundu lililokuwa likiiba hewa, lakini kompyuta bado inaongeza petroli ya kufidia tundu. Matokeo yake ni harufu ya petroli na plagi nyeusi. Injini si mbovu. Inafuata maagizo ya jana.

Kisa cha mpira uliopasuka

Nitawapa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Kijana mmoja dereva wa teksi alikuwa amenunua gari kwa mkopo. Taa ya injini ikawaka. Katika gereji moja walisoma namba ya kosa, P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi au petroli kidogo. Wakamwambia sensa ya kupima hewa imekufa. Akanunua, wakafunga, wakafuta kumbukumbu, taa ikazimika. Siku mbili gari lilikwenda vizuri naye akashukuru. Siku ya tatu taa ikawaka. Wakamwambia ni sensa ya oksijeni. Akanunua, wakafuta, siku mbili zikapita, taa ikarudi. Mara ya tatu ikawa pampu ya petroli. Alipofika kwangu alikuwa na madeni mawili: la gari na la spea. Marejesho ya mkopo yalikwisha kuchelewa miezi miwili, na mwenye fedha alikwisha kutuma mtu nyumbani kwake.

Jambo la kwanza nililowaambia vijana wangu ni kwamba mtu asifute kitu. Tulichomeka mashine ya kupimia tukasoma trimu. Kwenye sailensa kompyuta ilikuwa inaongeza asilimia 22. Tukakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 4. Tarakimu hizo mbili zilitosha. Kama pampu ingekuwa dhaifu, upungufu ungezidi kadiri injini inavyodai petroli zaidi. Ugonjwa unaoonekana sana kwenye sailensa na kupotea mwendo ukiongezeka ni hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, baada ya kupita kwenye kipimo. Injini ikivuta hewa kidogo, tundu dogo ni jambo kubwa. Ikivuta hewa nyingi, tundu lile lile si kitu. Tukatafuta, tukakuta mpira mwembamba nyuma ya throto una ufa upande wa chini, usioonekana mpaka uguswe kwa kidole. Bei ya mpira ule haikuzidi chakula cha mchana cha watu wawili.

Mtauliza, mbona taa ilizimika kila alipofungiwa spea? Haikuzimwa na spea, ilizimwa na kufuta. Kwa makosa mengi ya namna hii kompyuta haiwashi taa mara moja. Hungoja ilione kosa katika safari mbili. Zaidi ya hayo, ikishafutwa huanza kujifunza kutoka sifuri, na huchukua muda mpaka masahihisho yafike tena kwenye kiwango cha hatari. Kwa hiyo kila kufuta kulimpa yule kijana siku mbili za matumaini ya uongo, na fundi akapata siku mbili za kuhesabu fedha. Sisemi kwamba fundi yule alikuwa mwizi. Yamkini naye alidanganyika kama mteja wake, maana aliona taa imezimika akadhani amepona mgonjwa.

Mwalimu wetu wa hesabu hakutoa alama kwa jibu peke yake, alitaka aone njia. Namba ya kosa na zile tarakimu zinazohifadhiwa pamoja nayo, yaani joto la injini, mwendo na mzigo wakati kosa lilipotokea, ndizo njia. Anayefuta kabla ya kuandika amechana karatasi ya hesabu kabla mwalimu hajaisahihisha.

Lini tufute, lini tuache

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nitoe kanuni zangu kwa mpango.

Kwanza, zipo spea ambazo hazihusiani na kumbukumbu ya injini hata kidogo: breki, tairi, shokamzoba, mkanda wa feni, oili na chujio lake. Mtu akikutoza fedha za kufuta kompyuta ya injini kwa sababu amebadili breki, mwulize anafuta nini.

Pili, zipo spea zinazogusa hewa, petroli au moshi: sensa ya hewa, sensa ya oksijeni, throto, nozeli, pampu, gasketi ya njia ya hewa, mipira ya hewa. Baada ya hizi, kufuta kunafaa. Tena nieleweke vizuri: magari mengi yangejirekebisha yenyewe baada ya kwenda kilomita kadhaa. Kufuta kunaokoa muda na kumwondolea mwenye gari siku za sailensa inayoyumba. Yule kijana wa teksi tulimfutia, lakini baada ya kufunga mpira, wala si kabla.

Tatu, injini iliyofunguliwa, ikabadilishwa ringi au kusagwa valvu, ni injini nyingine. Ifutwe ianze upya.

Nne, zipo spea ambazo kufuta hakutoshi. Injini nyingi za dizeli za siku hizi, zile zinazotumia reli moja ya mafuta yenye shinikizo kubwa, zina nozeli ambazo kila moja imeandikwa namba yake kiwandani. Namba hiyo ni kipimo cha tofauti ndogo ya nozeli hiyo na nyingine, na hupaswa kuingizwa ndani ya kompyuta kwa mashine. Kuchomoa betri hata usiku kucha hakuingizi namba. Vivyo hivyo, kompyuta yenyewe ikibadilishwa kwa nyingine iliyotumika, magari mengi yatakataa kuwaka mpaka ufunguo utambulishwe. Na vijana wanaopenda mbio, wanaofunga nozeli zinazopitisha petroli zaidi kwa asilimia 40, wajue kwamba masahihisho ya kompyuta yana mpaka, na kwa kawaida mpaka huo haufiki 40. Hapo kinachotakiwa ni kuandika upya mahesabu yenyewe, na hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye vyombo.

Tano, betri. Magari mengi ya zamani kidogo hupoteza kumbukumbu betri inapotolewa. Mtu ananunua betri mpya, kesho yake sailensa inayumba, anakwenda kugombana na muuza betri. Betri haina kosa. Kompyuta imesahau, na inajifunza tena. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari ya Ulaya, mfano BMW za miaka ya karibuni, yanataka kuambiwa kwa mashine kwamba betri mpya imefungwa, ili yaichaji inavyostahili.

Namna ya kufuta

Njia bora ni mashine ya kupimia, kwa sababu unaona unachokifuta. Siku hizi ipo midogo inayoenea kiganjani na kusomwa kwa simu, na bei yake si ya kutisha. Andika kwanza namba zote za makosa, andika trimu, ndipo ufute. Mjue pia kwamba kufuta makosa na kufuta mafunzo ni mambo mawili. Kwenye baadhi ya magari amri moja hufanya yote, kwenye mengine kila moja ina amri yake.

Njia ya pili ni fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za petroli iko fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi karibu na injini. Zima gari, toa ufunguo, chomoa fyuzi hiyo kwa dakika moja au zaidi, kisha irudishe. Faida yake ni kwamba saa na redio havipotezi kumbukumbu zao.

Njia ya tatu ni betri, na hii ina masharti. Hakikisha redio yako haitadai namba ya siri usiyokuwa nayo. Zima gari kabisa, subiri dakika chache, ndipo ufungue waya wa hasi. Kama una kazi ya kufanya karibu na usukani au dashibodi, ngoja angalau sekunde 90 kwa ajili ya mifuko ya hewa ya usalama. Wala mtu asichomoe kamwe betri injini ikiwa inaunguruma, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kupima dainamo. Umeme unaweza kuruka ghafla ukaiua kompyuta, na hapo mtakuwa mmefuta kweli kweli.

Mwisho wa hili, magari mapya mengi huandika mafunzo yao mahali ambapo hapahitaji umeme ili kukumbuka. Hayo hayasahau kwa kuchomolewa betri. Marekani hata makosa yenyewe, kuanzia magari ya 2010 na kuendelea, huwekwa pia mahali ambapo wala betri wala mashine haiwezi kuyafuta. Huondoka tu kompyuta yenyewe ikisharidhika kwamba gari limepona.

Kulifundisha upya

Kufuta bila kufundisha ni kumtoa mtoto darasani na kumwacha barabarani. Baada ya kufuta, washa gari bila kukanyaga mafuta, huku kiyoyozi, taa na redio vikiwa vimezimwa. Liache liungurume mpaka lipate moto wa kawaida, kisha dakika chache zaidi. Washa kiyoyozi, liache tena dakika chache, ili lijifunze sailensa yenye mzigo. Halafu nenda barabarani. Kwa dakika kumi hivi shikilia mwendo usiobadilika, kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa. Achia mafuta gari lipungue mwendo lenyewe, ongeza tena taratibu. Siku hiyo usilikamue. Kesho yake asubuhi liwashe likiwa baridi, maana na hilo ni somo lake.

Magari mengine yana taratibu zake maalumu. Nissan nyingi zenye throto ya umeme hutaka kufundishwa kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni nafasi ya pedali iliyoachiwa: unafungulia ufunguo sekunde mbili bila kuwasha injini, unazima sekunde kumi, unarudia mara moja. Hatua ya pili ni throto iliyofungwa: unafungulia na kuzima, unangoja zaidi ya sekunde kumi huku ukisikia throto ikijisogeza yenyewe. Hatua ya tatu ni hewa ya sailensa, ambayo hutaka injini yenye joto la nyuzi 70 hadi 100, usukani umenyooka na umeme wote mwingine umezimwa. Asiyejua hayo husafisha throto asubuhi, na jioni anamwuzia mteja throto mpya.

Taa iliyozimwa ili kuuza

Ndugu zangu, nimeacha jambo zito kwa mwisho. Mtu anaweza kufuta ili atibu, na mtu anaweza kufuta ili adanganye.

Muuguzi mmoja mstaafu alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua gari la kubeba abiria, ili limlishe uzeeni. Alipolijaribu, taa ya injini haikuwaka. Alipokuwa amekwisha kulipa, kabla ya juma kwisha, taa ikawaka, tena ikawa inamwetamweta. Taa inayomwetameta maana yake injini inamisi vibaya kiasi cha kuharibu masega yaliyo kwenye bomba la moshi, kwa kuwa petroli isiyoungua ndani ya silinda huenda kuungua humo. Tulipopima tulikuta silinda moja haina kompresheni. Aliyemwuzia hakuwa ametengeneza chochote. Alifuta kumbukumbu asubuhi ya mauzo. Mama yule alilazimika kuuza shamba dogo ili injini ifunguliwe.

Jambo hili lingeweza kugunduliwa kwa dakika tano, na ndiyo sababu nataka kila mmoja wenu aondoke na maarifa haya. Kompyuta hujipima yenyewe: hupima sensa ya oksijeni, hupima masega, hupima mvuke wa petroli. Kila kipimo kikikamilika huandika kwamba kimekamilika. Ikifutwa, vipimo hivyo hurudi kuwa havijakamilika, na huchukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika tena. Basi unapotaka kununua gari, chomeka mashine. Kama vipimo vingi havijakamilika, gari hilo limefutwa au limetolewa betri hivi karibuni. Magari mengi huonyesha hata kilomita ambazo gari limekwenda tangu makosa yalipofutwa mara ya mwisho. Ukikuta kilomita 12, mwulize muuzaji kilichofutwa kilikuwa nini. Tena fungulia ufunguo bila kuwasha injini, uangalie kama taa ya injini inawaka. Isipowaka hapo, huenda imetolewa balbu, na huo ni udanganyifu mkubwa zaidi ya kufuta.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, jana nilipita karakana ya shule. Nilifurahi kuona kwamba ile meza ndefu ya vaisi bado ipo, na majina yetu tuliyoyachonga kwa siri bado yanasomeka. Lakini injini wanayojifunzia vijana hawa ni ya kabureta. Wakimaliza shule watakutana na magari yenye kompyuta, na hakuna atakayekuwa amewafundisha tofauti ya kuzima taa na kuondoa ugonjwa. Watajifunza mtaani, kwa fedha za wateja kama yule kijana wa teksi na yule mama muuguzi.

Naomba umoja wetu ununue injini moja nzima ya kupuliza petroli, iliyotumika lakini inayowaka, pamoja na kompyuta yake, nyaya zake na mashine ya kupimia. Ifungwe juu ya fremu pale karakana. Mwalimu achomoe mpira kwa makusudi, vijana waone trimu ikipanda. Aurudishe, waone ikishuka. Wafute, waone kompyuta ikianza upya. Kwa upande wangu nitaifunga injini hiyo bila malipo, na nitakuja Jumamosi mbili kila muhula kufundisha. Wengine wachangie kadiri ya uwezo wao. Wale wa mwaka wetu nimekwisha kuwaandika majina, na wanaojificha nyuma nawaona.

Ninyi vijana, nawaachia maneno machache ya kukumbuka mtakapokuwa na spana mkononi na mteja amesimama pembeni ana haraka. Soma kwanza, uandike. Tengeneza. Futa pale panapostahili. Fundisha upya. Halafu usirudishe ufunguo kwa mwenye gari mpaka uwe umeliendesha mwenyewe na kusoma tena. Fundi anayefuata utaratibu huo hatatajirika kwa siku moja, lakini wateja wake watarudi kwake kwa mashaka mapya, si kwa yale yale ya wiki iliyopita.